Godoro la Malkia

Gari la Bosi liliingia uani kinyumenyume, likaikata kamba ya nguo, na mashuka meupe ya watu yakalala kwenye tope. Mama Pasi alitoka ndani mbio, pasi ya moto mkononi. Alikuwa tayari kumpa dereva za uso, lakini mlango wa nyuma wa gari ulipofunguliwa, alisimama pale pale. Juu ya ubao mpana uliopigwa randa, amefungwa mikanda mabegani na kiunoni, alikuwa amelala mbwa mkubwa mweusi.

"Taratibu, shemeji," Dereva alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amesogea. "Huyu ni Malkia, mbwa wa yadi. Jana rundo la magogo limemporomokea mgongoni."

"Rundo lipi?"

Dereva akaangalia viatu vyake. "Lile la karibu na msumeno mkubwa."

"Lile lile?"

"Lile lile, shemeji."

Mama Pasi aliitua pasi juu ya tofali. "Na kwangu mmemleta afanye nini? Kwangu pameandikwa hospitali ya mbwa?"

Bosi alishuka upande wa pili. Alikuwa mtu wa mwili, shati lake safi, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Hakuyaangalia mashuka. Alisimama juu ya ncha ya mojawapo.

"Habari za hapa, mama. Daktari wa mifugo ameshamwona. Pingili za mgongo zimeteguka na uti umeumia. Miguu ya nyuma haina habari. Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya muda, kukamuliwa mkojo, kukingwa asipate vidonda. Nyumbani kwangu hakuna anayezijua kazi hizo." Akalegeza sauti, kama anayetoa sifa. "Ninyi mna uzoefu."

Mama Pasi alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayetafuna chakula chenye mchanga. "Uzoefu."

"Nitawalipa, bila shaka."

"Uzoefu wenyewe umelala nyuma ya lile pazia. Karibu ndani uuone."

Bosi hakugeuza shingo. Nyuma ya pazia alilala mume wa Mama Pasi, aliyekuwa mpanga mbao kwenye yadi hiyo hiyo. Wenzake walimwita Kipimo kwa sababu aliweza kuutaja urefu wa ubao kwa kuutupia jicho tu, wakapima kwa futi wakakuta hivyo hivyo. Tangu magogo yamwangukie, kilichobaki cha kupimwa na macho hayo kilikuwa dari. Na tangu siku hiyo Bosi hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile.

"Mke wangu," sauti ilitoka ndani. "Mpokee."

"Wewe nyamaza."

"Mpokee, mama. Mbwa hana kosa."

Mama Pasi alikwishafungua mdomo awafukuze wote, mwenye kosa na asiye na kosa, Dereva alipoteremsha boksi kubwa jipya na kuliweka miguuni pake.

"Hilo ni godoro la upepo," Bosi alieleza. "Lina mashine yake. Linajaza huku, linapunguza kule, mgonjwa halalii sehemu moja muda wote. Dukani hawana la mbwa, nikachukua la watu."

Yule mama alilitazama boksi. Hakuhitaji maelezo. Muuguzi wa zahanati alikwishamchorea godoro hilo kwenye kiganja chake, akamwambia kwamba bila hilo kidonda cha Kipimo, kile cha juu kidogo ya makalio, kitafika mfupani na hapo itakuwa habari nyingine. Mama Pasi alivaa nguo yake nzuri akaenda yadi kuomba. Alisimamishwa getini juani. Jibu lililetwa na karani: yadi inauza mbao, haiuzi magodoro.

Hawana la mbwa, nikachukua la watu.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kuliokota lile tofali na pasi yake pamoja. Badala yake aliinama, akalikumbatia boksi, akalipeleka ndani mwenyewe.

"Mleteni huyo malkia wenu," alisema bila kugeuka.

* * *

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili: cha mbele cha kupigia pasi, chenye meza ndefu na marundo ya nguo za watu, na cha nyuma cha kulala. Wanaume wawili wa yadi waliokuja na gari walimweka mbwa chumba cha nyuma, kwa kuwa cha mbele hakikuwa na pa kuweka hata kuku. Bosi alibaki garini. Alituma salamu kwa honi.

Kipimo aligeuza kichwa juu ya mto wake, akaukagua ubao na mikanda.

"Mmemfunga vizuri. Mgongo umenyooka kabisa. Nani kawafundisha?"

Dereva alijikuna kidevu. "Wewe, kaka."

"Mimi?"

"Wewe tulikubeba huyu mkono, yule mguu, tukakutupa kwenye mkokoteni. Hospitali wakatutukana matusi ya kutosha. Wakasema labda uti ulikuwa bado haujakatika, tukaumalizia njiani. Basi jana Malkia alipolia, yadi nzima ilipiga kelele: ubao! Leteni ubao! Asikunjwe!"

Kisha Kipimo akacheka, kicheko cha kifuani tu, maana tumbo lilikuwa halimsikilizi.

"Kumbe nimekuwa shule."

Mkewe hakucheka. Alingoja mpaka gari likatoka, akafungua boksi kwa meno, akachomeka mashine ukutani. Godoro likaanza kuvuta pumzi. Lilijaa mstari huu, likanywea mstari ule, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi wa raha.

"Unafanya nini?" Kipimo aliuliza.

"Nakuhamisha."

"Hilo ni la mbwa."

"La watu. Kasema kwa kinywa chake."

"Akija akaona?"

"Akiona ataona. Nani kamzuia kuona siku zote hizi?"

"Na Malkia je?"

"Malkia ana manyoya, ana ngozi, na uzito wake nusu yako. Atalalia godoro lako la sponji na mashuka makuukuu, nami nitamgeuza kama ninavyokugeuza wewe. Sitamwonea. Lakini wewe, bwana, utalala hapa leo. Shika shingo yangu."

Aliishika. Mama Pasi alimnyanyua kama alivyozoea, mikono chini ya mapaja na kwapani, mgongo wake mwenyewe ukalia. Kipimo alipotua juu ya upepo ule alifumba macho. Hakuhisi kitu kiunoni kwenda chini, lakini mabega yake, ambayo yalikuwa bado mali yake, yalilegea.

"Loo," alisema. "Matajiri wana siri."

* * *

Ukuta wa ua haukuwa mrefu, na jirani alikuwa mrefu.

"Mama Pasi! Nasikia umeletewa mke mwenza, tena malkia!"

"Kaletwa na gari, na kitanda chake juu. Wewe uliletwa na nini?"

"Sijui hata nililetwa na nini, wallahi! Ila na wewe, unamkamua mbwa mkojo kwa mikono hiyo hiyo unayotupigia pasi?"

"Mikono inaoshwa. Midomo ndiyo shida."

Jirani alicheka mpaka akakohoa. Mama Pasi aliingia ndani, akaosha mikono kwa sabuni mara mbili kwa sababu ya maneno yale, akaichukia sabuni.

Kazi zilikuwa pacha. Akimaliza kugeuza huyu, anageuza yule. Akimwaga mfuko wa mkojo wa mume, anapiga magoti, anaweka viganja huku na huku kwenye tumbo la mbwa na kubana taratibu mpaka mkojo utoke. Malkia hakuwa mkali. Nusu yake ya mbele ilikuwa hai kabisa. Ilibweka, ilifuata harufu ya mchuzi kwa pua, ilikunja uso ikisikia jina lake. Nusu ya nyuma ilimfuata kama mzigo wa mtu mwingine. Wakati mwingine alipinda shingo kuitazama, kisha akamtazama Mama Pasi, kana kwamba anamuuliza nani kakiacha kitu hiki hapa.

Mama Pasi alimchukia. Alimchukia kwa vidonge vyake vizuri, kwa sindano zake zilizolipiwa, kwa mashine iliyokuja bila kuombwa. Kisha akamfuta mkojo mapajani kwa maji ya vuguvugu ili ngozi isichubuke, kwa uangalifu ule ule, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kazi hiyo vibaya.

Kidonda cha Kipimo kilianza kubadilika. Harufu ilipungua. Pembeni, palipokuwa pamechakaa rangi ya majivu, paliingia uwekundu mpya. Mama Pasi aliuona akashindwa kuamini, akachukua kioo ili mwenyewe naye auone.

Lakini Kipimo hakuwa na habari na kidonda. Alikuwa akimtazama mbwa.

"Mfinye kidole cha mguu wa nyuma," alisema.

"Nina nguo za kumaliza."

"Mfinye kidogo tu."

Mama Pasi alimfinya. Mguu ukajikunja, ukavutwa.

"Umeona?" Kipimo alijaribu kuinuka kwa viwiko. "Anasikia! Na pale alipolala pana unyevu. Anakojoa mwenyewe!"

Kweli palikuwa na unyevu, na baadaye unyevu mwingine.

"Basi usimkamue tena," Kipimo alisema. "Utamzoesha uvivu. Uache mwili ujifunze. Na sisi tukiona huyu kafanikiwa, tuutoe huu mpira wangu wa mkojo tujaribu. Jeraha moja, rundo moja, kwa nini yeye aweze mimi nishindwe?"

Mke alilitazama lile jicho, lile jicho la kupimia, lililokuwa limezima na sasa linawaka. Mezani palikuwa na rundo la nguo lililofika dirishani. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Akaacha kumkamua.

* * *

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole na kucha fupi. Alipofika alimwona mgonjwa wake chini na mtu juu ya godoro. Macho yake yalipita kwenye mashine, yakapita kwa Mama Pasi, yakaenda zake. Alipiga magoti, akagusa tumbo la Malkia, na uso ukambadilika.

"Huyu amekamuliwa lini?"

"Anakojoa mwenyewe, daktari," Kipimo alisema kwa fahari. "Tangu juzi."

"Hakojoi, kaka. Anafurika. Kibofu kimejaa mpaka kinamwaga cha ziada, kama ndoo iliyoachwa chini ya bomba. Mama, njoo ushike hapa."

Mama Pasi alishika. Kilikuwa kigumu kama mpira wa miguu. Daktari alikibana kidogo kidogo, na mkojo uliotoka ulikuwa mzito, wenye rangi ya chai na harufu iliyowafanya wote wageuze nyuso.

"Tayari wadudu wameingia. Nitampa dawa. Ila msimwache tena, hata akilowa. Kulowa si kukojoa."

"Kosa langu," Mama Pasi alisema. Neno hilo lilimuuma kulitoa. Hakuwahi kudhani kwamba ana deni lolote kwa mbwa yule.

"Na mguu?" Kipimo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tunamfinya anauvuta."

Daktari alichukua koleo dogo, akabana kidole cha nyuma mpaka mfupani. Mguu ukajikunja. Lakini Malkia aliendelea kuramba mkono wa Mama Pasi, hakugeuka hata kutazama.

"Umeona uso wake? Mguu umejivuta wenyewe, habari haijafika kichwani. Uti umekatika katikati."

"Miguu yangu nayo huruka," Kipimo alisema.

Daktari alilirudisha koleo mkobani. "Mimi ni daktari wa wanyama, kaka. Sina ruhusa ya kukueleza wewe."

"Umeshanieleza."

Alikigeuza kichwa ukutani. Mama Pasi alitamani kumpiga mtu, ila waliokuwapo pale hawakuwa wa kupigwa.

Daktari alibana ngozi ya mgongo wa mbwa kwa vidole, akianzia kiunoni kwenda mbele, mpaka pale ambapo ngozi ilishtuka. Hapo akanyoa manyoya kidogo, akachora mstari kwa kalamu.

"Chini ya mstari huu hasikii. Juu yake anasikia. Mstari ukibaki hapa, ataishi na kiti cha magurudumu cha mbwa, vipo. Ukipanda, ina maana uti wenyewe unakufa na uozo unaelekea mbele. Hilo halina dawa. Ukiona umepanda, nipigie wakati huo huo."

Wakati anafunga mkoba wake aliweka boksi la glavu na chupa ya dawa ya kusafishia vidonda juu ya meza ya pasi. "Za mgonjwa," alisema, bila kusema yupi.

* * *

Mstari ulipanda. Mama Pasi alifinya pale juu ya alama, pale ambapo asubuhi ngozi ilikuwa imeshtuka, ikatulia kama ya kiatu. Alifinya mbele zaidi. Kimya. Tumbo lilikuwa limelegea na miguu ya mbele ilitetemeka ikijaribu kujiegemeza. Malkia alitaka kubweka, kikatoka kitu kama mlango unaosukumwa na upepo.

Bosi alifika na Daktari pamoja, Dereva nyuma yao. Safari hii alilisukuma pazia kwa mkono wake. Alimwona mbwa wake chini, na pale pale, kwa jicho hilo hilo, akaliona godoro likipumua chini ya mtu.

"Hili si godoro la Malkia?"

"Ndilo," Mama Pasi alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Nimekununulia godoro, nimekulipia umeme, wewe umemlaza mbwa wangu kwenye matambara ili umlaze..." Akasita.

"Malizia. Ili nimlaze nani?"

"Umeniulia mbwa, mama."

"Hapana." Ilikuwa sauti ya Daktari, aliyekwishapiga magoti. "Mtazame ngozi yake. Hana hata mchubuko. Yaliyomuua ni magogo. Uti ulianza kufa kule kule yadi, na sasa umefika kwenye misuli ya pumzi. Hata angelalia hewa tupu ingekuwa hivi."

"Tufanye nini?"

"Tumpumzishe. Tukimwacha atakosa pumzi, na akili zake zote anazo."

Bosi alijishusha chini, mzima mzima, na suruali yake safi. Alikipakata kichwa cha mbwa.

"Ataumia?"

"Hapana. Atalala kwanza."

"Una hakika hataumia?"

"Nina hakika."

Juu ya godoro, Kipimo alikuwa akimtazama mtu huyo akiuliza. Daktari alipenyeza sindano. Bosi alianza kulia, kilio cha wazi, mabega yakimcheza, akainamisha mdomo kwenye sikio la mbwa.

"Nisamehe, binti yangu. Nilishaambiwa lile rundo halijafungwa sawasawa. Toka zamani walikuwa wananiambia. Nisamehe."

Dereva aliinua uso. Daktari aliuacha mkono wake hewani. Yadi nzima ilijua ile karatasi iliyosomwa mbele ya wafanyakazi baada ya ajali ya Kipimo: alifungua mnyororo mwenyewe kwa uzembe wake, na mzembe halipwi.

"Rudia," Mama Pasi alisema.

"Nini?"

"Hilo ulilomwambia mbwa. Mrudie huyu."

Malkia alikuwa amekwisha. Bosi alikiweka kichwa chake chini taratibu, akasimama, akajifuta uso kwa kitambaa, na kila alipofuta alirudi kuwa bosi kidogo zaidi, mpaka akawa bosi kamili.

"Nimefiwa hapa," alisema. "Si wakati wa maneno. Dereva, mpeleke Malkia garini. Kisha zima hiyo mashine, ulibebe na godoro."

Dereva alimbeba mbwa, akatoka, akarudi. Alisimama karibu na mashine, mikono ikining'inia.

"Zima."

"Bosi, mtu yuko juu yake."

"Ana kitanda chake. Mhamisheni."

"Dereva hatagusa," Mama Pasi alisema. Alimgeuza mumewe ubavu, akalivuta shuka na kuifungua bandeji, kidonda kikabaki wazi, kirefu, kikubwa kama kiganja, kilichoanza kupona kwa pembeni na ndani bado kina weupe wa mfupa. "Godoro lako, mikono yako. Huku unashika kwapani, huku chini ya mapaja. Ukiburuza, hicho kinapasuka. Haya. Si ulisema sisi ndio wenye uzoefu? Njoo uupate na wewe."

Kipimo alikuwa ameangalia ukuta, uso umemwiva kwa aibu ya kufunuliwa. Hakumzuia mkewe.

Bosi alipiga hatua moja. Harufu ikamfikia. Mkono wake ulienda puani wenyewe, na macho yakakimbilia dirishani, mezani, kwa Daktari, kokote.

"Limeshachafuka," alisema ndani ya kitambaa. "Silitaki tena. Kaeni nalo."

Aligeuka kutoka. Lakini penye pazia alisimama, kama mtu aliyesahau kitu, akamtazama Kipimo, akangoja. Mashine ilivuma.

"Hata asante hamna?"

Kipimo aliugeuza uso kutoka ukutani. Alikuwa amemwitikia mtu huyu kila asubuhi ya ujana wake: ndiyo bosi, sawa bosi, asante bosi. Midomo ikafunguka yenyewe, na pumzi ya kwanza ya neno lile ilikwishatoka, Mama Pasi alipoweka kiganja chake juu ya mdomo ule na kuuziba.

Alimtazama Bosi tu, mkono mmoja ukishika bandeji, mwingine ukishika mdomo wa mumewe, mpaka pazia likaanguka, mlango wa gari ukagongwa, injini ikaunguruma na kwenda zake. Chini ya kiganja midomo iliendelea kuhangaika, ikitafuta mahali pa kupitishia neno. Kisha ikatulia. Kisha akahisi taya la Kipimo likikaza, meno yakikutana, gumu juu ya gumu.

Hapo ndipo alipouondoa mkono.